Krapf na bunduki iliyobeba maji

Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Mombasa kwenda Kitui kwa shughuli za kifamilia. Pale Kibwezi, kaunti ya Makueni, tuliiacha barabara kuu ya Nairobi tukashika lami ya Ikutha na Mutomo. Nje ni vichaka, mibuyu na mito ya mchanga mtupu. Ndani ya gari mimi nilikuwa nimefura. Nimekosana na ndugu yangu wa tumbo moja kwa ajili ya kiwanja alichotuachia marehemu baba yetu huko Kisauni, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumkata nayo nitakaporudi.

Ilikuwa nchi yenyewe iliyonitoa katika mawazo hayo. Nilimkumbuka mtu aliyeipita kwa miguu zaidi ya miaka 170 iliyopita, ambaye sisi watu wa Mombasa twalijua jina lake kuliko maisha yake: Johann Ludwig Krapf.

Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Alipokuwa mvulana, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa la mtoto mwengine, akaugua miezi sita. Muda huo wa kitandani hakuulea kwa chuki. Aliutumia kusoma Biblia, na hapo ndipo njia yake ya maisha ilipoanzia.

Alifanya kazi ya umisionari Uhabeshi tangu 1837 hadi alipozuiliwa kuendelea. Mtoto wao wa kwanza, yeye na mkewe Rosine, walimzika huko safarini. Mwanzoni mwa 1844 walifika Unguja, Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha, na mwezi wa Mei wakahamia Mombasa. Miezi miwili baadaye homa iliingia nyumbani. Rosine akafariki mwezi wa Julai, na kitoto kichanga kikamfuata. Walizikwa bara, upande wa Kisauni. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo.

Mtu aliyepigwa hivyo angeweza kupanda jahazi akaenda zake. Yeye alirudi kwenye lugha yetu, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mkristo na Muislamu, kila mmoja na dini yake, walikaa pamoja wakipima maneno. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka 1882. Katika 1846 alifungua misheni ya Rabai pamoja na Johannes Rebmann.

Kutoka Rabai ndipo alipoanza safari za Ukambani. Mwishoni mwa 1849 alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ya pembe ilikuwa ikifika pwani. Tarehe 3 Disemba mwaka huo, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya. Wasomi wa Ulaya walikataa kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta.

Mwaka 1851 alirudi, akinuia kufungua kituo huko Yatta. Wapagazi wake wakamwacha. Akaenda tena kwa Kivoi, wakafunga safari pamoja kuelekea mto Tana. Kabla hawajafika walivamiwa, mishale ikawamiminikia. Krapf alikuwa na bunduki mkononi. Akaifyatua mara mbili, lakini hewani, kwa sababu hakutaka kumwaga damu ya mtu. Kivoi aliuawa siku hiyo, na Krapf akabaki peke yake porini bila chakula wala maji.

Kiu ilimpeleka hadi Tana. Alipokwisha kunywa hakuwa na kibuyu wala kiriba cha kuchukulia maji. Akaitoa darubini katika ala yake ya ngozi, akaijaza ala ile maji. Kisha akaijaza mitutu ya bunduki na kuiziba kwa nyasi. Akatembea usiku na kujificha mchana. Chombo alichokataa kuulia watu ndicho kilichombebea uhai.

Alipofika kwa jamaa za Kivoi hakupokewa kwa pole. Walimlaumu kwa kurudi mzima ilhali mkubwa wao amekufa, na maisha yake yakawa hatarini. Aliondoka usiku, na baada ya taabu nyingi akafika Rabai.

Mimi simpambi Krapf. Alikuja kutubadilisha dini, na mengi aliyoandika juu ya Uislamu ni makali. Lakini haki ni haki, na siku ile ya mishale aliyeshindwa ilikuwa nafsi yake. Ustadhi wetu wa chuoni alitufundisha kwamba mwenye nguvu si yule anayewabwaga wenzake mieleka, ni yule anayejizuia anapokasirika. Kitabu cha Mithali katika Biblia kinamweka anayeitawala roho yake juu ya anayeuteka mji. Na pale Makindu, mbele kidogo ya Kibwezi, Masingasinga wana hekalu linalolisha wasafiri wa dini zote. Guru Nanak wao alifundisha kwamba aliyeishinda akili yake ameushinda ulimwengu. Dini hizi zinatofautiana kwa mengi, lakini hapa zote zimekutana.

Krapf alifariki Novemba 1881 huko Kornthal, Ujerumani. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Niliporudi Mombasa nilikwenda kwa ndugu yangu kabla ya Magharibi. Yale maneno niliyoyapanga nilikuwa nayo yote, na alipoanza kunirushia ya kwake ulimi uliniwasha. Nikayameza. Nikamwomba maji ya kunywa. Aliniangalia kwa muda, kisha akaingia ndani kunitilia.

Kiwanja hakijagawanywa. Tutakaa na wazee, na huenda nisipate ninachokitaka. Lakini ndugu wasomaji, hapa petu vijana wanakatana mapanga kwa jambo dogo na wazee wanazikana bila kusemezana. Kila mmoja wetu ana bunduki yake, ikiwa si mkononi basi mdomoni. Tuangalie tunaijaza nini.