Sharifu wa Aden na Uchungu wa Kahawa

Sijapata kumwona mtoto aliyeonjeshwa kahawa chungu kwa mara ya kwanza asikunje uso. Ulimi wa mwanadamu umeumbwa kuupenda utamu na kuutema uchungu, na jambo hilo lina maana yake, kwani sumu nyingi za mimea ni chungu. Hata hivyo, mtoto huyo huyo akishakuwa mtu mzima utamkuta barazani kila baada ya sala ya alasiri, kijikombe mkononi, na siku akiikosa kahawa yake kichwa humwuma. Je, ni nini kilichotokea baina ya siku ile ya kwanza na siku hii ya leo? Nani alimfundisha kukipenda kitu ambacho ulimi wake ulikikataa?

Swali hili ndilo lililonipeleka kwenye maisha ya mtu mmoja ambaye hatajwi kahawa ila naye hutajwa: Sharifu Abubakar bin Abdallah al-Aidarus, walii wa Aden. Sisi watu wa pwani jina lake si geni kwetu. Watoto wetu twawaita Aidarusi, na masharifu wa ukoo wa Ba Alawi, ambao ndio ukoo wake, wamekaa Pate, Lamu, Mombasa na Unguja kwa karne nyingi. Lakini nimeona kuwa wengi walijuao jina hawazijui habari za mwenyewe, na wachache zaidi wajuao kwamba kijikombe walichokishika kina uhusiano naye.

MTOTO WA TARIM

Sharifu Abubakar alizaliwa mwaka 1447, sawa na mwaka 851 wa Hijra, katika mji wa Tarim huko Hadhramaut. Tarim ni mji wa bondeni, wenye nyumba za udongo, mitende na misikiti mingi, na sifa yake kubwa tangu zamani ni elimu. Baba yake, Sayyid Abdallah, ndiye wa kwanza kuitwa al-Aidarus, na alikuwa kiongozi wa masharifu wenzake. Baba huyo alifariki mwaka 1461, na mwanawe alikuwa bado kijana wa miaka kumi na minne hivi.

Kijana alilelewa kama walivyolelewa watoto wa nyumba ile. Alisoma Kurani, akasoma fikihi ya madhehebu ya Imamu Shafi, kisha akaingia katika tasawufi, yaani njia ya masufi. Alikuwa pia mshairi, na mashairi yake hakuyatunga kwa Kiarabu cha vitabuni tu, bali pia kwa lugha ya watu wa kawaida, ndiyo maana yalienea haraka.

Baadaye alihamia Aden, na huko ndiko alikomaliza umri wake. Msomaji akitaka kuifahamu Aden ya siku hizo na aifikirie bandari iliyojaa majahazi, ikipokea mali kutoka Bara Hindi, Misri na pwani ya Afrika. Mji ulikuwa chini ya masultani wa ukoo wa Tahir. Katika mji huo wa biashara Sharifu alijenga msikiti na zawiya, akasomesha, akaongoza dhikri, na akafungua mlango wake kwa kila mgeni. Yasemekana ukarimu wake haukuwa na kipimo, hata ukamtia katika madeni makubwa ambayo yalilipwa na mtu mwema aliyempenda. Hapana ajabu basi kwamba watu wa Aden walimfanya kuwa walii wa mji wao.

MTI AMBAO HAKUNA ALIYEUGUSA

Habari ya kahawa imeandikwa na mwanachuoni wa Dameski, Najm al-Din al-Ghazzi, aliyefariki mwaka 1651. Yeye asimulia kwamba Sharifu alikuwa katika safari zake za kiroho akapita penye mti wa mbuni. Mti ulikuwa umezaa sana, na hakuna aliyekuwa akijishughulisha na matunda yake. Akayachuma, akala. Akaona kwamba akili yake imechangamka, usingizi umemtoka, na mwili umekuwa mwepesi kwa ibada. Tangu hapo akayafanya kuwa chakula na kinywaji chake, akawaelekeza wafuasi wake nao wafanye vivyo hivyo, na jambo likaenea Yemen, kisha Hijaz, Sham na Misri.

Sitaki kumficha msomaji kwamba al-Ghazzi aliandika zaidi ya miaka mia moja baada ya Sharifu kufariki, wala kwamba ziko riwaya nyingine mbili zenye nguvu. Watu wa bandari ya Mokha husema kuwa heshima hiyo ni ya Sheikh Ali bin Umar al-Shadhili, aliyewatangulia wote. Na mwandishi al-Jaziri, aliyetunga kitabu kizima juu ya uhalali wa kahawa katika karne ya kumi na sita, amtaja mufti wa Aden, Sheikh Muhammad al-Dhabhani, aliyefariki karibu na mwaka 1470. Mufti huyo alivuka bahari akaenda bara la Afrika, akawaona watu wakitumia kahawa. Aliporudi Aden akaugua, akaikumbuka, akainywa, na akaona kuwa inaondoa uchovu.

Ukweli ni kwamba mbuni ni mti wa porini kwa asili yake, nao huota katika misitu ya kusini-magharibi ya Uhabeshi, hasa nchi ya Kaffa. Kwa hivyo Wahabeshi walikuwa na matunda hayo kabla ya Waarabu, na Sharifu mwenyewe ana jina kubwa Uhabeshi, maana mji wa Harar unamhesabu kuwa ndiye aliyeingiza huko tarika ya Qadiriya. Kwangu mimi si jambo kubwa kuamua ni nani kati ya wazee hawa watatu aliyetangulia. Kubwa ni lile ambalo riwaya mbili hizi, ya Sharifu na ya mufti, zimelikubali: hakuna hata moja inayosema kwamba mtu aliionja kahawa akaisifu kwa utamu. Zinasifu kazi yake.

KAZI KWANZA, LADHA BAADAYE

Hapo ndipo nilipoanza kulipata jibu la swali langu. Masufi wa Yemen walikuwa na shida moja, nayo ni usingizi. Mchana wengi wao walikuwa na kazi zao, na usiku walitaka kukesha katika uradi na dhikri. Kikaja kinywaji kinachofukuza usingizi bila kuondoa akili. Leo wataalamu wametueleza kwamba ndani ya buni mna kitu kiitwacho kafeini, na kwamba katika ubongo kitu hicho hukaa mahali pa kile kinachotutia usingizi, kikakizuia. Wazee wale hawakulijua jina la kafeini, lakini kazi yake waliijua vizuri.

Na ulimi nao hujifunza. Uchungu ukija leo ukafuatwa na uchangamfu, na kesho ukaja ukafuatwa na uchangamfu, mwisho mwili huanza kuukaribisha ule uchungu wenyewe, kama mtu anayefurahi kusikia hatua za rafiki kabla hajabisha hodi. Huanza kwa kustahimili, yakafuata mazoea, na mwisho mapenzi.

Lakini faida peke yake haitoshi. Dawa ngapi zinatufaa, na hakuna anayezipenda? Kahawa ilipata bahati ya pili, nayo ni jamaa. Masufi hawakuinywa kila mtu peke yake chumbani. Imeandikwa kwamba Wayemeni waliokuwa wakikaa Cairo, karibu na Al-Azhar, waliinywa usiku wa kuamkia Jumatatu na Ijumaa. Iliwekwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, na kiongozi wao aliteka kwa kata ndogo akampa mmoja mmoja kuanzia kulia, huku dhikri ikiendelea. Wengine katika masharifu wa Hadhramaut walikuwa na uradi wao wa kahawa: kumtaja Mwenyezi Mungu kwa jina lake Qawiyyu, Mwenye Nguvu, mara 116. Wajuao hesabu ya abjadi wataona hekima yake, kwa kuwa herufi za neno Qawiyyu jumla yake ni 116, na herufi za neno qahwa nazo ni 116.

Basi mtu aliyekaa katika duara ile hakuonja uchungu mtupu. Alionja pamoja nao sauti za wenzake, mwanga wa taa, harufu ya ubani, na heshima ya kupewa kata na mkubwa wake.

Sisi wenyewe tumefundishwa hivyo hivyo. Nakumbuka katika mtaa wetu mtoto hakupewa kahawa siku ya kwanza. Alitumwa kumwita muuza kahawa aliyepita akivigonganisha vikombe vyake, na ujira wake ulikuwa kipande cha kashata. Baadaye aliruhusiwa kukaa ukingoni mwa baraza na kusikiliza. Siku moja mzee akambakishia tama moja chini ya kijikombe, yenye harufu ya tangawizi na hiliki, akaambiwa atafune tende kwanza. Alipokuja kupewa kikombe kizima alikuwa ameshaipenda baraza tangu zamani, na kahawa ikaingia kwa mlango huo huo.

KUFARIKI KWAKE NA FITINA YA MAKKA

Sharifu Abubakar alifariki Aden mwaka 1508, sawa na 914 wa Hijra. Huku kwetu ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu Wareno waitie moto Mombasa mwaka 1505. Mji mzima wa Aden ulimlilia, watawala na wachukuzi pamoja. Alizikwa hapo hapo, katika mtaa unaoitwa Crater, na watu wakawa wakienda kumzuru mwaka baada ya mwaka. Msikiti wake ulijengwa upya mwaka 1859, na mwaka 1994, baada ya vita vya Yemen, ulivamiwa na kuharibiwa na watu wasiopenda ziara za makaburi. Jina lake halikuharibika.

Miaka mitatu baada ya kufariki kwake kinywaji alichokipenda kilishitakiwa. Mwaka 1511 msimamizi wa masoko na maadili ya Makka, Khair Beg, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti Mtukufu wakisherehekea mazazi ya Mtume. Walipomwona wakazima taa zao. Akauliza wanakunywa nini, akaambiwa ni kahawa. Jina lenyewe lilimtia shaka, maana katika mashairi ya kale ya Kiarabu neno qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo. Akawakusanya wanavyuoni, akaleta na waganga wawili, ndugu, wakatoa ushahidi kwamba kahawa inadhuru. Wasimulizi wanasema palizuka mtu mmoja akadai kwamba kahawa inalevya kama mvinyo. Akaulizwa amejuaje ladha ya mvinyo, akakiri kuwa alikwisha kuunywa, na adhabu ikamwangukia yeye.

Kahawa ikapigwa marufuku, buni zikachomwa njiani, na baadhi ya watu wakapigwa. Lakini hukumu ilipofika Cairo, Sultani Qansuh al-Ghauri hakuiunga mkono yote. Alikataza mikutano miovu, si kinywaji chenyewe, na mwaka uliofuata Khair Beg akaondolewa katika cheo chake. Mabishano yaliendelea miaka mingi, lakini kufika mwaka 1555 hivi nyumba za kahawa zilikwisha funguliwa Istanbul, na mwaka 1652 ikafunguliwa ya kwanza London.

TUNALOJIFUNZA

Nionavyo mimi, wanavyuoni walioitetea kahawa waliweka kipimo ambacho bado kinatufaa: kitu hakihukumiwi kwa jina lake wala kwa uchungu wake, bali kwa kile kinachoifanyia akili ya mtu. Kinachoamsha si sawa na kinacholevya.

Na hapa pana onyo. Njia iliyotufikisha kwenye kahawa ndiyo njia hiyo hiyo wanayopita wengine kufikia vileo. Huko Kentucky, Marekani, watu hutengeneza pombe kali ya mahindi na kuiweka katika mapipa ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Kijana wao naye anapoinywa mara ya kwanza koo humwungua na macho kumtoka machozi. Haipendi. Lakini amekaa na wakubwa anaotaka kufanana nao, wakamwambia ainywe taratibu, atie maji kidogo, angoje, na baada ya muda akazoea, kisha akaipenda. Si ulimi wake uliomwongoza. Ni wale aliokaa nao.

Kwa hiyo, mzazi anayeuliza mwanawe anapenda nini ameuliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni: anakaa na nani usiku? Barazani mwa Sharifu wa Aden uchungu uligeuka kuwa ibada, kwa sababu ya watu waliokuwapo na kazi waliyokuwa wakiifanya. Ziko baraza nyingine katika miji yetu ambako uchungu hugeuka kuwa utumwa, na vijana huingia humo kwa sababu tu hakuna mzee aliyewasogezea nafasi kwenye baraza yake. Wazee wetu walikuwa wakisogea. Mwenyezi Mungu amrehemu Sharifu Abubakar al-Aidarus, na atujaalie nasi tuwe watu wa kuwasogezea vijana nafasi.