Manute Bol, Mchunga Ng'ombe Aliyekubali Kuchekwa

Nilipofika chuoni kutoka Bariadi, jamaa walinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, wakanielekeza uwanja wa kikapu. Mpira wenyewe sikuwahi kuushika. Mimi nilizoea fimbo ya kuchungia na shamba la pamba. Hapo uwanjani ndipo walipoanza kuniita Manute Bol. Nikataka kumjua huyo mtu ni nani.

Bol alikuwa Mdinka, kutoka nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Alikua akichunga ng'ombe, kama vijana wengi wa kwetu Simiyu. Urefu wake ulikuwa mita 2.31, si mchezo! Kocha mmoja Mmarekani, Don Feeley, alimwona huko Sudan akamfungulia njia ya kwenda Marekani. Kiingereza hakikupanda, ikabidi kwanza asome lugha kule Cleveland. Msimu wa 1984/85 aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Bridgeport, akawa anafunga wastani wa pointi zaidi ya 22 kwa mechi. Mwaka 1985 akachukuliwa na Washington Bullets ya ligi ya NBA.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia. Msimu wa kwanza tu alizuia mitupo 397, na hakuna mchezaji mgeni wa NBA aliyewahi kufika hapo kabla yake. Hadi anaacha ligi hiyo alikuwa amezuia mitupo 2,086, wakati pointi alizofunga ni 1,599.

Ila kilichonigusa mimi ni hela zake. Kwao vita vilikuwa vimeanza tena mwaka 1983, na mamilioni ya dola aliyopata yaliishia kwa wakimbizi na ndugu zake Wasudani. Yeye mwenyewe akabaki mikono mitupu. Mwaka 2002 alipanda ulingoni Marekani kupigana ngumi za maonyesho ili apate hela ya kuwasaidia watu wake. Watu walicheka. Yeye hakujali. Miaka ya mwisho alihangaikia kujenga shule kwao Turalei. Alifariki Virginia tarehe 19 Juni 2010, mwaka mmoja kabla nchi yake haijapata uhuru.

Wenzangu chumbani wanasema alikosea, mtu ajiangalie kwanza. Bumu likitoka, kila mmoja anajua la kwake. Mimi nina mdogo wangu sekondari kule Bariadi, anasubiri hela ya sare na madaftari, na mara nyingi nimezima simu ili nisimsikie.

Sisemi tugawe mpaka tulale njaa. Bol hakujiwekea akiba, na hilo lilimtesa, tusidanganyane. Lakini aliyemlea ni ukoo mzima, na hakujifanya amesahau. Bumu la muhula huu nilituma kwanza nyumbani, ndipo nikanunua viatu vya mtumba vya kuchezea. Kikapu bado sikiwezi, ila simu siku hizi naiacha wazi.