Denise Darvall: Moyo wake uliandika historia, familia yake ikabaki na misiba miwili

Historia ya upandikizaji wa moyo hutaja zaidi majina mawili: daktari wa upasuaji Christiaan Barnard na mgonjwa wake, Louis Washkansky. Jina la tatu, la mwenye moyo wenyewe, husikika mara chache. Alikuwa Denise Darvall, mfanyakazi wa benki wa miaka 25 jijini Cape Town, Afrika Kusini.

Denise alizaliwa mwaka 1942. Jumamosi ya Desemba 2, 1967, alikuwa na wazazi wake na kaka yake wakienda kunywa chai kwa marafiki. Walisimama mtaa wa Observatory ili yeye na mama yake, Myrtle, wanunue keki. Mama na binti walipokuwa wakivuka barabara kurudi garini, waligongwa na gari. Myrtle alifariki papo hapo. Denise alivunjika fuvu, ubongo ukaharibika vibaya, akakimbizwa Hospitali ya Groote Schuur.

Katika hospitali hiyo hiyo alilazwa Washkansky, mfanyabiashara wa vyakula ambaye moyo wake ulikuwa umechoka kabisa. Madaktari walimweleza Edward Darvall, baba wa Denise, kwamba binti yake hangepona. Kisha wakamuomba ridhaa ya kuchukua moyo wake.

Edward alikuwa amempoteza mkewe saa chache tu zilizopita. Alifikiri kwa dakika nne. Alikumbuka keki ambayo Denise alimwandalia siku ya kuzaliwa, na joho la kuogea alilomnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Binti yake hakuwahi kumwachia agizo lolote kuhusu jambo hilo, lakini alimjua kuwa mtu wa kutoa. Akakubali.

Alfajiri ya Desemba 3, moyo wa Denise ulidunda katika kifua cha Washkansky. Aliishi siku 18, kisha akafariki kwa nimonia, kwa kuwa dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo mgeni zilikuwa zimedhoofisha kinga yake.

Figo ya Denise alipewa mvulana wa miaka 10 ambaye chini ya sheria za ubaguzi wa rangi hakuhesabiwa kuwa mzungu. Jambo hilo lilizua mjadala mkali nchini humo.

Barnard akawa maarufu duniani kote. Familia ya Darvall ilibaki na misiba miwili ya siku moja, huku jina la binti yao likiandikwa magazetini. Leo Afrika Kusini huficha utambulisho wa mtoaji na wa mpokeaji, na madaktari bado huomba ridhaa ya familia hata pale marehemu alipojiandikisha kuwa mtoaji.

Swali aliloulizwa Edward haliko mbali na Kolwezi. Katika barabara ya kwenda Likasi, malori ya shaba na kobalti hupishana na magari ya abiria, na ajali si jambo geni. Wakazi wa Lualaba wenye uwezo huenda kutibiwa Afrika Kusini, ambako ndugu wa mgonjwa asiye na matumaini tena anaweza kuombwa uamuzi huo huo.

Edward alilazimika kukisia matakwa ya binti yake. Familia iliyokwisha kuzungumza nyumbani, watu wakiwa wazima, ina mzigo mmoja pungufu siku ya msiba.