Fuvu la Fos na Hukumu ya Bingwa

Wapo wanafunzi wadhanio kwamba jina la kisayansi likishachapishwa kitabuni, basi kila alichosema mwenye kulitoa ni kweli isiyotikisika. Kwa maoni yangu, maisha ya Georges Cuvier yanatufunza vinginevyo.

Mwanazuoni huyu alizaliwa mwaka 1769 mjini Montbéliard, uliokuwa chini ya watawala wa Württemberg. Alisomea Stuttgart, akawa mwalimu wa nyumbani huko Normandy, kisha mwaka 1795 akahamia Paris na kupata kazi katika makumbusho ya elimu ya viumbe. Hapo nyota yake iling'aa. Mwaka 1796 alilinganisha mifupa ya ndovu walio hai na ile ya kale iliyofukuliwa ardhini, akaonyesha kuwa wapo wanyama waliotoweka kabisa duniani. Wakati huo wengi hawakuikubali fikra hiyo.

Mwaka 1823 Cuvier alieleza fuvu lililookotwa mwaka 1804 karibu na Fos, pwani ya kusini ya Ufaransa. Mfupa wake ulikuwa mzito mno, naye akaamini umegeuka jiwe na kwamba mwenyewe alikwisha toweka zamani. Akampa jina Ziphius cavirostris. Neno la kwanza lina asili ya Kiyunani, nalo ni upanga. La pili ni la Kilatini, maana yake mwenye mdomo wenye shimo.

Cuvier aliaga dunia mwaka 1832. Baadaye wataalamu walilinganisha fuvu hilo na mafuvu ya nyangumi waliokwama pwani, wakatambua kuwa mnyama yule yu hai. Anaishi karibu katika bahari zote kuu, Bahari ya Hindi ikiwemo, lakini ni nadra kuonekana kwa kuwa huzamia kina kirefu. Mwaka 2017 mmoja wao alipimwa akikaa chini ya maji kwa muda wa saa 3 na dakika 42. Hukumu ya Cuvier ilitenguka, ila jina likabaki, maadamu kanuni huheshimu jina lililotangulia. Jamii nzima ya nyangumi wenye mdomo uliochongoka, yenye spishi zaidi ya 20, huitwa Ziphiidae kutokana na jina hilo.

Kosa la fuvu lilitokana na uchache wa ushahidi. Lipo jingine lisilo na udhuru huo. Sarah Baartman, mwana wa Afrika Kusini, alipofariki Paris, Cuvier aliipasua maiti yake, akaandika akimfananisha na nyani. Mabaki yake hayakurudishwa kwao hadi mwaka 2002.

Walimu wenzangu, tumsomeshe Cuvier kwa ukamilifu wake. Mwanafunzi amheshimu bingwa bila kumsujudia, na kila aelezwapo jambo, aulize limesimama juu ya ushahidi gani.