Habari za Joseph Marie Jacquard, Mfumaji wa Lyon

Katika kurasa hizi zetu husimuliwa mara nyingi habari za wafalme na majemadari. Mimi nataka kuwaeleza habari za mfumaji wa nguo. Nguo ambayo maua yake yamefumwa humo humo, wala hayakupigwa chapa juu yake, huitwa jacquard, na wengi hulitaja neno hilo madukani bila kujua ya kuwa ni jina la mtu. Sababu iliyonifanya nitafute habari zake nitaieleza mbele.

Joseph Marie Jacquard alizaliwa tarehe 7 Julai 1752 katika mji wa Lyon, Ufaransa, uliosifiwa Ulaya nzima kwa hariri yake. Baba yake alikuwa fundi mfumaji, na mama yake alikuwa na kazi ya kusoma michoro ya maua ili ipate kutiwa katika nyuzi. Mtoto hakupelekwa shule. Alikuwa amekwisha kupata miaka kama 13 ndipo shemeji yake, mpiga chapa vitabu, alipomfundisha kusoma. (Ninyi mnaonung'unika kengele ya asubuhi ikilia, likumbukeni hilo.)

Ili mpate kuelewa aliyoyafanya, sharti mjue kwanza kitanda cha mfumi cha zamani. Nyuzi za mtande hutandazwa kwa urefu, na mfumaji hupitisha uzi wa mshindio katikati yake. Nguo isiyo na maua ni rahisi, kwa kuwa nusu ya nyuzi huinuliwa na nusu huachwa, kisha hubadilishwa. Lakini ukitaka ua au ndege, kila mshindio unapopita hapana budi kuinua nyuzi nyingine, na mfumaji hana mikono ya kutosha. Kwa hiyo kando ya kitanda alikaa mtoto. Kazi yake ilikuwa kuvuta kamba, fungu baada ya fungu, kwa utaratibu usioruhusu kosa, kutwa nzima. Kamba zilikuwa nzito, na watoto waliumia migongo. Inasimuliwa ya kuwa Jacquard mwenyewe aliifanya kazi hiyo katika karakana ya baba yake, naye hakuipenda hata kidogo.

Baba yake alikufa mwaka 1772 akamwachia mali, lakini Jacquard hakuwa mtu wa biashara na mali ile ikaisha. Alioa mwaka 1778 akapata mtoto wa kiume. Mwaka 1793 Lyon ulipozingirwa na majeshi ya serikali ya mapinduzi, alikimbia na mwanawe, wote wawili wakaingia jeshini. Kijana akafa huko. Baba akarudi Lyon bila mwana, naye yu karibu na miaka 50.

Hapo ndipo alipoishika kazi ya kitanda kwa nguvu zake zote. Mwaka 1801 alionyesha kitanda chake Paris akapewa nishani ya shaba. Baadaye aliitwa Paris, katika nyumba ya kuhifadhi mitambo, akakiona kitanda cha Vaucanson kilichotengenezwa zamani. Nasema kweli, si yeye aliyebuni kila kitu. Bouchon na Falcon walikwisha kutumia karatasi zenye matundu kabla hajazaliwa. Lakini yeye aliyaunganisha mambo hayo mpaka yakafanya kazi, mwaka 1804. Kadi ngumu zilishonwa pamoja kama mnyororo, kadi moja kwa kila mshindio. Penye tundu sindano hupenya, na uzi wake huinuliwa. Pasipo na tundu sindano husukumwa nyuma, na uzi hubaki chini. Mfumaji hukanyaga tu, na mtoto wa kamba hana kazi tena.

Mwaka 1805 Napoleon alifika Lyon. Kitanda kile kikafanywa mali ya watu wote, na Jacquard akawekewa malipo ya uzeeni ya faranga 3,000 kwa mwaka. Ilipofika mwaka 1812 vitanda vya namna hiyo nchini Ufaransa vilikuwa kama 11,000. Lakini wafumaji wengi walimchukia kwa kuogopa kukosa kazi, na inasimuliwa ya kuwa kitanda kimoja kilichomwa moto hadharani.

Sasa nieleze sababu yangu. Nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja cha nguo. Chumbani tulikuwa watu wanane. Ikaletwa mashine iendeshwayo na kompyuta, tukabaki wawili, nami nilikuwa mmojawapo. Mgongo wangu ukapata nafuu na mshahara ukaongezeka kidogo. Lakini mzee aliyenifundisha kufunga uzi uliokatika nilimkuta akiuza ndizi kituo cha mabasi, akageuza uso. Fundi aliyeileta mashine alikuwa ametuambia ya kuwa babu yake mashine ile ni Jacquard, basi nikataka kumjua babu huyo.

Nikaona ya kuwa mambo ya Lyon hayakuwa ya namna moja. Hariri ilizidi kufumwa, na zikapatikana kazi mpya, kama kutoboa kadi. Katika kilima cha Croix-Rousse zilijengwa nyumba zenye dari za juu sana, ili vitanda virefu vipate kuingia. Hata hivyo, bei ya kazi ilikatwa na wafanyabiashara. Mwaka 1831 wafumaji waliinuka, na tena mwaka 1834, na safari hizo ugomvi wao haukuwa juu ya mashine bali juu ya malipo. Jacquard alikuwa mzee kijijini Oullins, akafa huko tarehe 7 Agosti 1834.

Mwaka 1839 sura yake ilifumwa kwa hariri, kwa kadi 24,000. Mwingereza Charles Babbage alikuwa na nakala yake, naye alikwisha kuzichukua kadi hizo katika mpango wa mashine yake ya kuhesabu. Kwa njia hiyo zikafika mpaka katika kompyuta.

Nilimpelekea yule mzee habari hizi, pamoja na kitambaa cha meza kilichofumwa maua. Alinisikiliza bila kusema neno. Kisha alikigeuza kitambaa, akapitisha ukucha ukingoni mwa ua, akanionyesha mahali ambapo uzi mmoja ulikuwa umeruka.