Arthur Loveridge na Wanyama wa Milima ya Uluguru

Arthur Loveridge alizaliwa mwaka 1891 katika mji wa Penarth, nchini Wales. Tangu utoto wake alipenda kuchunguza viumbe. Mwaka 1914 alikuja Nairobi kuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho.

Mwaka huohuo Vita Kuu vya Kwanza vilianza. Loveridge aliingia jeshini, lakini hata wakati wa vita hakuacha kukusanya wanyama na kuandika habari zao. Baadaye akawa msaidizi wa bwana nyama nchini Tanganyika. Mwaka 1924 alikwenda Marekani kufanya kazi katika makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard.

Mwaka 1926 alirudi, akapanda Milima ya Uluguru, iliyo juu ya mji wa Morogoro. Huko alikusanya nyoka, vyura, ndege na mamalia. Alimpata ndege mwenye mgongo wa kijani, tumbo la manjano na kichwa cheusi, ambaye wataalamu walikuwa hawajamwandika. Ndege huyo hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani.

Mwaka 1927 Loveridge na mwenzake, Glover Allen, walichapisha maelezo ya mamalia wa Uluguru na Usambara. Allen aliwapenda sana popo, na mwaka 1939 alitoa kitabu kizima juu yao.

Popo si ndege, bali ni mamalia. Ana manyoya, huzaa na kunyonyesha. Mchana hulala pangoni, ndani ya mti wenye uwazi au darini. Jua litakapo kuchwa, hutoka makundi kwa makundi kutafuta chakula. Popo wanaokula wadudu hutoa sauti kali mno ambazo masikio yetu hayazisikii. Sauti hizo hugonga mdudu au jiwe, kisha humrudia popo kama mwangwi. Hivyo hujua kitu kilipo hata gizani. Katika chuo hichohicho cha Harvard, mwaka 1938, Donald Griffin na G. W. Pierce walizigundua sauti hizo kwa chombo maalumu.

Zamani wakusanyaji waliwaua wanyama ili wawapime na kuwahifadhi. Siku hizi wachunguzi wengi huwanasa popo kwa nyavu laini, huwapima, kisha huwaachia. Kufanya hivyo ni muhimu, kwa kuwa popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja. Watu wakiwasha moto pangoni, kundi zima laweza kuangamia, na kulirudisha huchukua miaka mingi. Hapo wadudu waharibifu wa mazao hupungukiwa na adui wao. Msitu nao ukikatwa, popo hukosa makao, na vijito vinavyoulisha mto Ruvu hudhoofika.

Loveridge alistaafu mwaka 1957, akahamia kisiwa cha Mtakatifu Helena. Alifariki huko mwaka 1980. Msitu wa Uluguru bado upo, na kuutunza ni kazi yetu.

Maswali
1. Kwa nini popo huitwa mamalia?
2. Popo hutambuaje njia gizani?
3. Jioni, simama nje na mwalimu au mzazi wako. Andika saa popo wa kwanza anapotokea. Usiingie pangoni, wala usimshike popo kwa mkono, kwani aweza kuuma na kuambukiza ugonjwa.