Keith Green, mwimbaji aliyekataa kuweka bei

Mwaka 1980 mwimbaji mmoja wa Marekani, kijana wa miaka 26, alitoa santuri mpya na hakuiwekea bei. Aliyeitaka aliandika barua na kutuma kiasi alichoweza. Asiyekuwa na kitu aliandika tu, akatumiwa. Ili kulipia studio, yeye na mke wake waliweka nyumba yao rehani. Kufikia Mei 1982 zaidi ya nakala 200,000 zilikuwa zimetumwa, na kati yake 61,000 zilikwenda kwa watu ambao hawakulipa hata senti moja.

Jina lake ni Keith Green. Vijana wengi wa kwaya zetu hawamjui, kwa kuwa aliimba kwa Kiingereza na alikufa kabla wao hawajazaliwa. Lakini swali lililomsumbua ni swali la kila kwaya iliyowahi kuingia studio: wimbo uliotungwa kwa ajili ya Mungu unauzwa namna gani, na ni nani anayebaki nje ya mlango kwa kukosa pesa?

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1953 huko Brooklyn, New York, akakulia California. Ukoo wake ulikuwa wa Kiyahudi, ila alilelewa katika Christian Science, dhehebu linalofundisha kwamba ugonjwa si kitu halisi. Alikua akisoma Agano Jipya, lakini hakujua afanye nini na huyo Yesu aliyemsoma. Alichokijua vizuri ni piano. Akiwa na miaka 11 tu alikuwa ametunga nyimbo zipatazo 40, na kampuni ya kurekodi ya Decca ikampa mkataba wa miaka mitano. Chama cha watunzi cha ASCAP kilimwandikisha, mdogo kuliko wote waliowahi kuandikishwa humo. Alionekana kwenye televisheni, jarida la Time likamtaja, ikatabiriwa kwamba nchi nzima itamwimba. Kisha wasichana wakampenda mvulana mwingine, Donny Osmond, na Keith akasahauliwa kabla hajaota ndevu.

Mtoto aliyepigiwa makofi mapema hivyo, halafu makofi yakanyamaza, anabaki na njaa isiyo ya chakula. Akiwa na miaka 15 alitoroka nyumbani. Akaingia katika madawa ya kulevya, akatafuta amani katika dini za Mashariki, hakuipata. Katika safari hiyo alikutana na Melody, msichana mwenye asili ya Kiyahudi kama yeye na mtafutaji kama yeye. Walioana siku ya Krismasi ya mwaka 1973. Mwaka 1975, katika mafundisho ya Biblia ya ushirika mdogo ulioitwa Vineyard, karibu na Los Angeles, Keith alimkiri Yesu kuwa Bwana, na Melody pia. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake ni miaka saba tu. Yote anayokumbukwa nayo yamo ndani ya miaka hiyo saba.

Miaka ile California ilikuwa katika uamsho wa ajabu. Vijana wenye nywele ndefu, wengine wakiwa wametoka jana tu kwenye madawa, waliingia makanisani na magitaa na ngoma zao. Wazee wengi walistuka. Kwao muziki wa rock ulikuwa wa shetani, basi! Larry Norman alikuwa amekwisha kutangulia tangu mwaka 1969, akimwimba Kristo kwa muziki ule ule wa mitaani. Kundi la 2nd Chapter of Acts, lililochukua jina lake katika sura ya pili ya Matendo ya Mitume, lilifuata. Wimbo wao wa Pasaka, uliotungwa na Annie Herring, Keith naye aliuimba katika santuri yake ya kwanza ya mwaka 1977. Kwa Keith, ala iliyotawala haikuwa gitaa. Ilikuwa piano, aliyoipiga kwa nguvu kama mtu anayegonga mlango usiku.

Hata hivyo, kabla ya santuri hiyo kulikuwa na nyumba. Keith na Melody hawakungoja kuwa na huduma yenye jina. Walianza kuwapokea watu nyumbani kwao: waliokuwa wakijaribu kuacha madawa, makahaba, wasichana waja wazito wasio na pa kwenda. Nyumba ilipojaa, walinunua ya jirani. Hiyo nayo ilipojaa, wakapanga nyingine katika mtaa uleule, mpaka zikafika saba. Mwaka 1977 kazi hiyo ilipewa jina la Last Days Ministries, yaani Huduma za Siku za Mwisho, na mwaka 1979 ilihamia Texas, karibu na mji wa Lindale, kwenye shamba la ekari 40. Ninaeleza hili kwa sababu ukizisikiliza nyimbo zake bila kuzijua nyumba hizo saba, utadhani ni kijana mwenye hasira anayekemea kanisa kwa kupenda kukemea.

Maana kweli alikemea. Santuri yake ya pili, ya mwaka 1978, iliitwa No Compromise, yaani bila kuridhiana na dunia. Ndani yake mna wimbo wa kanisa lililolala katikati ya nuru: watu wanaketi kwa raha katika viti vyao, na mwenye shida aliyetumwa mlangoni kwao anaondoka vile alivyokuja. Aliyeandika hayo alikuwa na watu wamelala sakafuni kwake usiku huohuo. Kuna mwingine uliojengwa juu ya 1 Samweli 15, pale Samweli anapomkatalia Sauli sadaka za kondoo alioambiwa awaangamize. Keith anamleta Sauli hadi kwenye ibada ya Jumapili: mtu hakosi hata siku moja kanisani, anaimba, anatoa matoleo, lakini lile moja aliloambiwa na Mungu hajalifanya.

Katika santuri ya kwanza alikuwa ametunga wimbo ambamo shetani mwenyewe ndiye anayesema. Anajisifu kwamba kazi yake imekuwa rahisi, kwa kuwa siku hizi hakuna anayeamini kwamba yuko. Kwa Wamarekani wa wakati ule lilikuwa onyo la kweli. Kwetu sisi, nadhani, wimbo ungepaswa kugeuzwa: hapa shetani anasingiziwa hata malaria na deni la duka, na kwa njia hiyo pia anapata kustarehe.

Wimbo unaojulikana zaidi kati ya nyimbo zake za mahubiri ni ule wa kondoo na mbuzi, uliotoka mwaka 1981. Ni Mathayo 25 yote, inasimuliwa juu ya piano, mara kwa mchezo na kucheka, mara sauti inapanda. Mbuzi wanajitetea, wanauliza ni lini walimwona Bwana akiwa na njaa. Watu wanacheka. Kisha Keith anafunga kwa kusema kwamba, kwa Andiko hili, tofauti ya makundi mawili iko katika walichofanya na wasichofanya, na kicheko kinaisha. Tuliosoma theolojia tunaruka hapo mara moja: na neema je? Na Warumi 3? Swali ni la haki. Keith alimsoma sana Charles Finney, mhubiri wa uamsho wa karne ya 19, na kama Finney alisisitiza mno mapenzi na utii wa mwanadamu. Mkristo mwenye dhamiri dhaifu angeweza kusikiliza santuri nzima na kulala bila kuhakikishiwa kwamba amesamehewa. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba Keith aliyatia maneno hayo katika Mathayo 25. Aliyakuta humo.

Na haikuwa ukali kwa wengine tu. Katika santuri ileile ya mwaka 1978 mna wimbo mfupi, wa taratibu, ambamo anamwambia Mungu kwamba macho yake yamekauka, moyo umekuwa mgumu na maombi yamepoa, na anaomba mafuta na divai vimlainishe tena. Wachungaji tunaouhitaji wimbo huo ni wengi kuliko tunavyokubali.

Turudi kwenye pesa. Santuri mbili za kwanza zilitolewa na kampuni ya Kikristo ya Sparrow, na ziliuzwa vizuri sana. Keith hakutulia. Alianza kwa maonyesho: akakataa watu kulipishwa tiketi mlangoni, ikawa matoleo ya hiari. Kisha akamwendea Billy Ray Hearn, mwanzilishi wa Sparrow, akamwomba amwachie mkataba. Hearn angeweza kumshikilia kwa sheria, lakini alimwachia. Hapo ndipo ilipotokea santuri ile ya mwaka 1980 isiyo na bei. Wimbo uliobeba jina lake unawacheka Waisraeli jangwani wanaotamani kurudi Misri kwa kuchoka mana: mana asubuhi, mana jioni, mana imepikwa kila namna na bado ni mana. Mle ndani pia Bob Dylan, aliyekuwa amegeukia imani ya Kikristo miaka ileile, alipiga kinanda cha mdomo katika wimbo mmoja. Katika wimbo huo Keith anaweka rehani mbinguni kichwa chake, kisha mke wake, kisha mwanawe, kwa ajili ya Injili.

Wengi walisema ni wazimu, na wengine walidai anawaharibia wanamuziki wenzake walioishi kwa kuuza nyimbo. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Mtenda kazi anastahili ujira wake, na ngariba wa maikrofoni naye ana watoto wa kulisha. Keith mwenyewe hakufundisha kwamba kuuza ni dhambi kwa kila mtu. Santuri zake ziliendelea pia kupatikana madukani kwa wale waliotaka kununua. Yeye alichokataa ni kuona mtu maskini anakosa neno la Mungu kwa sababu ya bei.

Alikuwa na upande mwingine ambao tusiufiche. Jarida la huduma yake lilichapisha maandishi makali dhidi ya mafundisho ya Kanisa Katoliki, na maandishi hayo yaliwaumiza watu wengi, wakiwemo Wakatoliki waliokuwa wakizipenda nyimbo zake. Sisi Waprotestanti tunazo hoja zetu, lakini kuna namna ya kusema ambayo inafunga masikio. Keith alikuwa na haraka, kama mtu aliyeambiwa kwamba jioni imekaribia.

Melody alikuwa sauti nyingine ndani ya nyumba hiyo, na watu humsahau. Baadhi ya nyimbo zilizopendwa zaidi ni za kalamu yake, pamoja na ule wa kuomba maisha yawe sala. Wimbo unaoimbwa hadi leo katika makanisa mengi ya Kiingereza, ule wa Mkombozi aliye Mwanakondoo wa Mungu, ni wake pia. Keith aliuongezea ubeti wa mwisho, wa kusimama katika utukufu na kuuona uso wa Bwana. Ulitoka mwaka 1982 katika santuri iliyojaa sifa na Zaburi. Humo hamna kukemea. Anaimba kwa Mchungaji wake, basi.

Mwaka huohuo walisafiri Ulaya na kutembelea kazi za wamisionari. Alirudi na mzigo mpya. Alikuwa karibu na Loren Cunningham, mwanzilishi wa shirika ambalo sisi katika Kongo tunalijua kwa jina la Jeunesse en Mission, na akaanza kupanga maonyesho ya kuwaita vijana waende kwenye mataifa.

Tarehe 28 Julai 1982, jioni, familia ya wageni ilikuwa imewatembelea, baba, mama na watoto sita. Walikuwa njiani kwenda kuanzisha kanisa jipya. Huduma ilikuwa na ndege ndogo ya kukodi, Cessna 414, na kiwanja chake kidogo. Keith akawachukua wageni waione nchi kutoka juu, pamoja na watoto wake wawili: Josiah wa miaka mitatu na Bethany wa miaka miwili. Pamoja na rubani walikuwa watu 12. Ndege iliruka, ikaanguka muda mfupi baadaye, ikaungua. Hakupona hata mmoja. Keith alikuwa na miaka 28.

Wachunguzi walikuta kwamba ndege ilibeba uzito kupita kiasi, na uzito huo ulikaa nyuma mno. Katika mahubiri mengi juu ya kifo hiki sehemu hii hurukwa, husemwa tu kwamba Mungu alimwita mtumishi wake. Sisi tunaoishi kando ya Kivu na Tanganyika, tuliozika watu wa mitumbwi iliyojazwa mno, hatupaswi kuiruka. Mungu anahesabu siku zetu, ndiyo. Uzito nao unahesabiwa.

Melody alibaki nyumbani jioni ile na Rebekah, mtoto wa mwaka mmoja, na mimba changa. Ndani ya saa moja alikuwa mjane. Baada ya mazishi hakuyafuta maonyesho yaliyokuwa yakipangwa. Alizunguka miji mingi pamoja na Loren Cunningham, wakionyesha filamu ya Keith akiimba, kisha wakiwauliza vijana ni nani atakwenda. Tiketi hazikuuzwa. Mtoto aliyekuwa tumboni alizaliwa Machi 1983, msichana, akaitwa Rachel.